Bundi wa Langoni

Hallgate, 9 Januari

Baba mpendwa,

Nyonga inaendeleaje? Huku tu wazima, ila baridi inatutia adabu. Yule bundi wako wa mashambani asikutie wasiwasi. Jua likizama anakuja mwenyewe mpaka kwenye nguzo ya lango, kando ya barabara. Wakikuruhusu kutoka ile Jumapili ya mwisho wa mwezi, utamwona bila hata kushuka garini.

Mwanao, Hilary

Wodini, 14 Januari

Hilary binti yangu,

Salamu zimefika. Nyonga inauma lakini mdomo mzima, waulize wauguzi. Nimewasimulia wote. Mmoja wao, mgeni, ananicheka: kwao bundi akitua juu ya paa anafukuzwa kwa mawe, na mimi namlilia! Miaka yote nimesimama kwenye yale mashamba mpaka miguu inakufa ganzi, hajawahi kunisogelea. Wewe umetulia mpaka amekuamini. Najivuna, mama.

Baba yako

Hallgate, 30 Januari

Baba,

Sijui hata nikusalimu vipi. Jumapili ulinisubiri sikuja, na simu sikupokea.

Bundi amekufa. Hakuwa akija mwenyewe. Nilinunua panya weupe kwenye duka la wanyama wa kufugwa, kila jioni nikimwachia mmoja kwenye theluji pale langoni, taa za gari zikiwaka. Daktari aliniambia siku zako si nyingi, nikataka umwone kwa karibu walau mara moja. Akazoea. Akiona taa anashuka. Ijumaa zilikuwa taa za lori la viazi; akashuka mbele yake, nami nimesimama pale pale na kisanduku cha panya mkononi.

Ulinikataza tangu mdogo kulisha ndege wa porini. Naona haya, Baba. Usiponijibu nitaelewa.

Mwanao, kama bado unanitaka

Wodini, 12 Februari

Hilary,

Natumaini unakula. Nilinyamaza kwa sababu nilikasirika, na bado nimekasirika. Ulinidanganya, nikajisifu kwa uongo. Imebidi niwaambie wauguzi ukweli, macho yangu chini. Yule mgeni hakucheka. Alinifunika blanketi, akauliza kama una mtu wa kukaa naye. Nikaona haya zaidi, maana mimi sikuwa nimeuliza.

Daktari ameniambia na mimi sasa.

Jumapili njoo unichukue. Usilete panya. Tutakaa shambani mimi na wewe, baridi itupige, tuangalie. Asipotokea bundi mwingine, basi, hakutokea. Wahi tu, siku hizi jua halikawii kuzama.

Baba yako