Upande Uliobana

Tarehe 3 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi mzima, kazi ipo, na kile kikohozi kimeniachia. Natumaini wewe na Mama hamjambo na mguu wake umepungua kuvimba.

Kwenye kifurushi hiki kuna madonge ya uzi. Ni mwembamba kiasi kwamba dukani nilidhani ni wa kushonea. Una hariri kidogo na manyoya ya mbuzi, rangi ya maziwa. Nakuomba unifumie mtandio, ule wako wa lesi wenye majani, urefu wa kufunika mabega na kurudi kifuani. Nilitaka kujifumia, lakini dawa za kufulia hapa hotelini zimenila vidole. Ngozi imekuwa kama msasa, kila nikiushika uzi unanasa. Nilijaribu mistari michache nikaishia kutukana peke yangu chumbani, ndipo nikakukumbuka wewe.

Usiniulize kwa sasa ni wa nini. Nauhitaji kabla Juni haijaisha.

Mpe Mama mkwe mikono yangu yote miwili.

Wifi yako


Tarehe 21 Februari

Wifi,

Salamu zimefika na kifurushi kimefika. Sisi wazima. Mguu wa Mama umepungua, mdomo bado. Simu zako niliziona na sikupokea makusudi. Kwenye simu ukishindwa hoja unalia, na mimi sijui kubishana na kilio. Andika.

Sasa huu uzi. Ukiuacha juu ya meza na dirisha likawa wazi, unautafuta kwa jirani. Nimeuanza kwa sindano nene. Yule mwenye duka la pembeni, anayeuza mitandio ya mashine, akapita barazani akaniambia hizo ni sindano za blanketi. Nikamwambia uzi mwembamba hufumwa kwa sindano nene ili upate kupumua. Akasema na matundu yote hayo, si afadhali mtu avae chandarua? Nikamweka chini. Tundu la lesi halitokei, linafumwa. Unatupa uzi juu ya sindano, tundu linazaliwa, halafu kando yake unaunganisha mishono miwili iwe mmoja, hesabu inabaki palepale. Lake yeye ni kitambaa kilichotafunwa na panya. Akaondoka kanuna. Wateja aliokuja nao walibaki kwangu.

Ubaya wa uzi huu ni kwamba haufumuliki. Manyoya yanashikana, ukivuta unapata kipande cha paka. Kwa hiyo natazama kila mshono, na umeanza vizuri, mlegevu, mwepesi, majani yanakaa kama yalivyotakiwa. Nimekaribia katikati.

Lakini rangi hii haivaliwi kwenye mashine za kufulia. Nani anaolewa huko? Kama ni binti wa bosi wako sema mapema, nipunguze majani.

Wifi yako


Tarehe 15 Machi

Wifi yangu,

Habari za hapo? Mimi sijambo, ila usingizi umepungua. Nimeianza barua hii mara nyingi.

Anayeolewa ni mimi.

Ni fundi wa lifti hapa hotelini. Lifti ya kubebea mashuka ilikuwa inakwama nami ndani, yeye ndiye aliyekuwa akija kuifungua. Ni mtu mpole, ana mikono mikubwa, anakula polepole mno mpaka chakula kinapoa. Hafanani na kaka yako hata kidogo, na hilo ndilo lililonipa ujasiri. Kama angefanana naye ningemkimbia.

Marehemu sijamsahau, na huyu bwana hajaniambia nimsahau. Picha yake iko palepale kabatini.

Watu watasema, waache waseme, sikai nao. Hofu yangu ni neno moja. Nimekuwa wifi yako tangu siku uliponisema mbele ya wageni kwamba nimeshika sindano kama nashika mwiko. Wifi ni dada wa mume. Mume huyo hayupo, na sasa nampata mwingine. Nikikuandikia baada ya Juni, nikuiteje? Nimefika mwisho wa karatasi na hata leo sijui nitie sahihi gani.

Mimi


Tarehe 20 Aprili

Shikamoo kwa Mama. Natumaini hamjambo.

Sijapata jibu. Posta wanasema barua ya Machi ilifika na ilipokelewa. Najua ulipoisomea, pale dirishani, miwani ikiwa puani.

Kama umeuweka mtandio chini, nitaelewa. Nirudishie uzi uliobaki na kipande kilichofumwa. Lakini niambie. Nitukane ukitaka, mradi uniambie.

Mimi


Tarehe 2 Mei

Barua zote mbili zimefika. Mama mzima. Mtandio unaendelea na utakuwa tayari kwa wakati ulioutaja.

Dada wa marehemu


Tarehe 14 Mei

Kwa Dada wa Marehemu,

Natumaini u mzima. Mimi mzima pia, asante kwa kutouliza.

Sahihi yako nimeiona. Basi mimi ni Mjane wa Marehemu, na tuandikiane hivyo, kama mawakili. Mjane wa Marehemu anamkumbusha Dada wa Marehemu kwamba benchi la hospitali walilikalia wote wawili, kwamba walilala kwa zamu na kuvaa sweta moja, na kwamba yeye, Dada, ndiye aliyesema pale makaburini, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Huyu haendi kwao, huyu ni wetu." Hakusema ni wetu mpaka lini. Kama kulikuwa na mwisho wake, ungenitajia siku ile, ningejiandaa.

Sikuombi ruhusa ya kuolewa. Nitaolewa. Ninachotaka kujua ni kama nitakapofika huko likizo nikabisha hodi, nitafunguliwa kama nani.

Mjane wa Marehemu


Tarehe 9 Juni

Wifi,

Hujambo? Sisi hatujambo. Barua yako niliisoma kwa sauti kwa sababu Mama alinishurutisha. Nilipofika kwenye mawakili alicheka mpaka nikamletea maji.

Kwenye kifurushi utakuta mtandio. Ukiufungua utaona jambo, kwa hiyo nakuambia kabla hujaliona. Nusu moja ni nyembamba kuliko nyingine. Nilipoumaliza niliulowesha, nikautandaza juu ya godoro na kuuvuta kwa pini kama kawaida. Nusu ya kwanza ikafunguka, kila jani likaonekana. Nusu ya pili ikagoma. Nikaivuta, nikailowesha tena, nikaibembeleza. Imebana. Niliifuma baada ya barua yako ya Machi, na mkono wangu ulikuwa umeukaba uzi bila mimi kujua. Mimi, ninayewafundisha watu mkono mlegevu.

Mama aliupapasa kwa vidole akasema, "Huku umefuma wewe. Na huku je?"

Nikamwambia, "Kote ni mimi."

Akasema, "Basi huku ulikuwa unamfuma mtu."

Akaendelea, "Nilizaa watoto wawili, mmoja kafa. Huyu wa tatu nililetewa mkubwa, na yu hai. Sasa wewe unataka nihesabu maiti wawili?"

Ule uzi haufumuliki, kwa hiyo siwezi kukudanganya kwa kuufuma upya. Na hata ungefumulika nisingefanya hivyo. Hasira ile ilikuwa yangu halali na naitetea. Sikukasirika kwa kuwa unaolewa. Mwanamke kukaa anafua mashuka ya wageni na kulinda picha kabatini si heshima kwa mtu yeyote, na anayesema ni heshima aje afue yeye. Nilikasirika kwa kuwa fundi wa lifti alijua kabla yangu. Na nilikasirika kwa sababu nilipoisoma barua yako kaka'ngu alikufa upya, na safari hii hukuwepo kwenye benchi. Ningemwambia nani? Ningekuambia wewe, na wewe ndiye ulikuwa habari yenyewe.

Kuhusu neno lako. Nimejaribu mengine yote. "Ndugu" ni la mikutanoni. "Rafiki" ananisikiliza akichoka anaenda kwao. "Dada" lazima nikuheshimu, na hilo sahau. Mtu ambaye naweza kumwambia mbele ya wageni kwamba pilau yake imelia machozi, kisha akala kwangu kesho yake, ana jina moja tu kwenye lugha hii. Mume aliyekuja nalo hakuondoka nalo.

Maelekezo: upande uliobana uuweke ndani, begani kushoto, upande mlegevu uupitishe juu yake. Usiupige pasi. Wala usikubali mtu aufue kwa zile dawa zenu.

Huyo bwana mwambie ale chakula kikiwa moto.

Wifi yako


Tarehe 2 Julai

Wifi yangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Sisi wazima, wote wawili.

Ndoa ilifungwa ofisini, mambo yakaisha upesi. Nilivaa gauni la buluu na mtandio wako. Nilifanya kama ulivyosema, lakini ule upande mlegevu uliteleza tangu asubuhi, ikabidi niugeuze. Uliobana ndio uliokaa begani.

Tulipotoka nje wenzangu wa kufulia walinizunguka. Msimamizi wetu, ambaye hasifii kitu, aliufuata ukingo kwa kidole mpaka mwisho, akauliza, "Huu kafuma nani?"

Nikamwambia, "Wifi yangu."

Mume wangu akageuka, mtu wa watu, akaona kuna kosa la kusahihisha. "Mimi sina dada," akasema.

Nikamwambia, "Wewe huna. Mimi ninaye."

Wifi yako