Hema la Vyumba Viwili

Jumapili, alasiri. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno. Moyo haujatulia, lakini udadisi nao haujaniisha, kwa hiyo leo nitaandika vyote viwili.

Nipo kwenye tamasha kubwa la muziki, nje kidogo ya mji wa Bariadi, kwenye mashamba ambayo pamba yake imeshavunwa. Ni siku ya tatu na ya mwisho. Kwaya zimeimba, wasanii wa Dar wameruka jukwaani, ngoma zetu zimepigwa mpaka watu wazima wakavua viatu. Lakini nikisema ukweli, mimi sikuja kwa ajili ya muziki. Nilikuja kwa ajili ya mahema.

Tangu nilipoona tangazo kwenye simu sikulala vizuri. Unafika unakuta hema limeshasimamishwa, godoro limetandikwa, taa ya sola inaning'inia, kazi yako ni kulala tu. Huku kwetu mtu akitaka kuanzisha mji wake anashauriana na ukoo mzima, anapima, anachoma tofali, anangoja mvua ipite. Hawa wanasimamisha mji wa watu mia tano kwa siku mbili na Jumatatu wanaukunja na kuupakia kwenye lori. Nilitaka kujua mtu anajisikiaje humo ndani.

Ijumaa tulipofika nilishika kila kitu. Nilifungua zipu nikaifunga, nikaifungua tena. Nilihesabu vigingi, nikanusa kitambaa, nikakalia godoro. Dada wa mapokezi, aliyetuvalisha bangili za karatasi mkononi, nilimuuliza watu wangapi wanahitajika kusimamisha hema moja, na mvua ikinyesha inakuwaje, na panya je. Alinijibu kwa upole mara nne. Mara ya tano akaniuliza kama nataka kulinunua.

Tulikuja watatu: mimi, mume wangu Masunga, na mama yangu mzazi. Binti yetu Limi tulimwacha kwa wifi yangu.

Mama ni mtu wa Mwandoya. Mwezi uliopita aliletwa Bariadi kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na tangu hapo amefikia kwa mama mdogo, upande wa pili wa mji. Kesho daktari anamwangalia mara ya mwisho, kisha anatakiwa kurudi kwake. Kwake ni mji mpana ambao tangu baba afariki umebaki na yeye na mbuzi wanne. Maji analetewa na jirani, jirani akikumbuka. Arudi kule peke yake au abaki Bariadi na sisi? Swali hilo tulikuja nalo kwenye tamasha, na hakuna aliyelitaja.

Kwa nini hafikii kwetu? Kwa wasiojua: kwetu Usukumani, mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa mbali. Hawali sahani moja, hawakai wakitazamana, na kulala chini ya paa moja ni jambo la aibu ambalo hata vijana wa mjini hawalifanyii mzaha. Masunga ni fundi wa kuchomelea, anavaa jinzi, anashabikia mpira kama wenzake, lakini akimwona mama anakuja njiani anakata kona.

Sasa sikiliza kosa langu. Tangazo lilisema "hema la familia, vyumba viwili." Nikafurahi. Chumba cha mama huku, chetu kule, kila mtu na mlango wake, heshima imelindwa. Nikalipia.

Vyumba viwili vilikuwa pazia.

Pazia moja jepesi katikati, linaloishia kwenye magoti. Paa moja, mlango mmoja. Masunga aliingiza kichwa, akalitazama lile pazia, akatoa kichwa, akachukua shuka lake na kwenda kukaa nyuma ya hema. Mama naye aliinama, akaona begi la mkwe wake limeshawekwa ndani, akatandika mkeka wake mbele ya mlango na kugoma kuingia. Kwa saa nzima hema nililolilipia lilikuwa na mtu mmoja tu ndani, nami nilikuwa nimekaa katikati ya godoro nikiwa sijui nicheke au nilie. Nilicheka.

Dada wa mapokezi si mtu wa huku, hakuelewa. Alituambia pazia linafungwa vizuri kwa vifungo. Nikamwambia dada, hata ungelifunga kwa kufuli.

Waliotuokoa ni majirani, wacheza ngoma kutoka Nassa, wanaume peke yao, wanaocheza na nyoka. Walielewa bila kuelezwa. Walisogeza sanduku lao la mbao pembeni, Masunga akapata nafasi. Kwenye sanduku kulikuwa na chatu. Nilimuuliza asubuhi kama alilala, akasema chatu ni mstaarabu, hakoromi. Mume wangu yuko radhi kulala na chatu kuliko kulala nyuma ya pazia na mama mkwe wake, na hakuna Msukuma aliyeona ajabu.

Jumamosi nilimpeleka mama kwenye ngoma. Alivaa miwani myeusi aliyopewa hospitali na kofia ya Masunga, bila kujua ni ya Masunga. Wakaingia wacheza bugobogobo na majembe yao, wakiyarusha juu na kuyadaka, njuga miguuni. Mama alikuwa hajaona miguu ya mchezaji kwa zaidi ya miaka miwili. Alikuwa anakwenda ngomani, anasikia, anarudi. Jana akanishika mkono kwa nguvu.

"Naona vumbi," akasema. "Ng'wanawane, mwanangu, naona vumbi linavyoruka kwenye visigino!"

Nikafikiri analia. Kumbe alikuwa anajiandaa kukosoa. Yule wa tatu kutoka kulia anachelewesha mguu wa kushoto. Yule mnene anadaka jembe kama anadaka kuku. Sauti ya mwimbishaji iko puani. Watu wa mbele yetu wakageuka kutazama ni jaji gani huyu. Nilimpenda sana mama yangu saa ile, na wakati huohuo nikatamani anyamaze. Nitasema kwa nini.

Tukirudi hemani, tukila michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, aliyokuja nayo kutoka kwake, akaniuliza taratibu, bila kunitazama. Akasema mumeo ni mtu mzuri, namwona anavyokubebea vitu. Kwa nini hataki nikae karibu?

Nilimjibu kwamba ni mila tu, mama, Mayu wangu, unajua mwenyewe.

Ni uongo. Naandika hapa kwa sababu sijawahi kuusema mahali popote. Mila haijamzuia mama mkwe yeyote kuishi kwa binti yake. Mila yenyewe ina dawa: unamjengea nyumba yake ndogo kwenye kiwanja hichohicho, mlango wake, jiko lake, basi. Masunga alilisema hilo zamani. Mwaka juzi, baba alipofariki, alifyatua tofali, akazichoma, akazipanga nyuma ya nyumba. Halafu mimi nikamwambia mama hataki kuacha mji wa marehemu. Na mama nikamwambia Masunga haoni vizuri mkwe kukaa jirani. Wao wawili hawazungumzi. Kila neno linalotoka kwa huyu kwenda kwa yule linapitia kwangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka miwili bila kupata hata kona.

Na sababu yenyewe ni ndogo, ndiyo maana inaniaibisha. Mama anaamka kabla ya jogoo kufagia. Atafagia kwangu. Atauliza kwa nini Limi anakunywa chai bila uji, kwa nini naandika kwenye simu badala ya kusuka mkeka, kwa nini mboga ina mafuta mengi. Kwangu mimi ndiye mama mwenye nyumba. Nimechukua miaka tisa kufika hapo. Niliogopa kuwa mtoto tena, kwenye nyumba yangu, nikisahihishwa mguu wa kushoto.

Nikaiacha aibu hiyo imuangukie mume wangu.

Leo mchana ndipo ilipotokea. Upepo ulizidi, na daktari alishaonya macho yasipate vumbi, kwa hiyo mama alijifungia hemani akalala. Mimi nikaenda na ndoo kupanga foleni kwenye tangi la maji. Nikiwa huko upepo ulilegeza kamba za upande wa nyuma, na Masunga, ambaye hawezi kuona kitu kimelegea akakiacha, akaja kukaza vigingi. Alidhani tumeenda wote kuteka maji.

Niliporudi, ndoo kichwani, nilisikia mama anauliza kutoka ndani ni nani huyo. Nyundo ikanyamaza. Nilidhani Masunga atakimbia. Namjua. Lakini kamba ilikuwa mkononi mwake, na angeiachia ubavu wote wa hema ungemwangukia mama mkwe wake, ambayo ni aibu kubwa zaidi. Akachuchumaa, akageuza mgongo kwenye kitambaa.

"Ni mimi, Mayu. Mwadila, Mayu," akamwamkia.

"Mwadila, baba. Funga tu. Limi hajambo?"

"Hajambo. Ameng'oka meno mawili ya mbele."

"Ya juu au ya chini?"

"Ya juu."

Nilisimama palepale, nyuma ya hema la wale wa Nassa. Miaka tisa ya ndoa sijawahi kuwasikia wakizungumza mimi nisipokuwepo. Udadisi ulinishika miguu. Waliongea kwa Kisukuma, polepole, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi. Mama aliuliza kuhusu kazi ya kuchomelea, kama moshi wake haumli kifua. Masunga aliuliza kama macho bado yanatoa machozi usiku. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye amelibeba swali hilo siku nyingi. Kitambaa kilikuwa katikati yao, hakuna aliyemwona mwenzake, hakuna aliyevunja heshima. Nilianza kutabasamu. Nikajisemea kumbe hema nililipia vizuri.

Kisha mama akasema, "Baba, nikuulize, unisamehe. Mimi ni mkwe mbaya?"

"Mayu! Mbaya kwa lipi?"

"Naambiwa hutaki nikae kwenu."

Kamba tu inalia na upepo.

"Mimi nimechoma tofali, Mayu," Masunga akasema. "Za nyumba yako. Mwaka wa pili sasa zipo pale, majani yameota katikati. Niliambiwa wewe ndiye hutaki."

"Uliambiwa na nani?"

Masunga akarudi kuivuta kamba. Mama naye hakurudia swali. Mtu anayepita katikati yao ni mmoja tu, na wote wawili wamemjua.

Ningeweza kurudi kwenye foleni. Nilifikiria, siwezi kukataa. Ningerudi baada ya nusu saa nikipiga kelele kuhusu watu waliosukumana, na Masunga asingeniuliza, kwa sababu hivyo ndivyo alivyo, angezimeza zile tofali pamoja na majani yake. Mama angepanda gari kesho kwenda Mwandoya. Angeniaga kwa baraka.

Nikajitokeza, nikaitua ndoo. Masunga akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinitazama kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake haufungi na anajiuliza tangu lini. Akafunga kamba, akachukua ndoo yangu, akaenda nayo jikoni kwa wale wa Nassa.

Nikachuchumaa palepale alipokuwa. Na mimi nikageuza mgongo kwenye kitambaa, kwa sababu niligundua kwamba na mimi siwezi kumtazama.

"Mayu," nikasema. "Aliyekataa ni mimi. Masunga hakukataa. Wewe hukukataa. Ni mimi."

Nilingoja anitukane. Nilingoja alie. Ndani nilisikia godoro likilalamika, anakaa. Akakohoa vumbi. Kisha sauti yake ikaja karibu sana, upande wa pili wa kitambaa, usawa wa sikio langu.

"Ingia uniambie huku ndani, nikuone. Wewe si mkwe wangu."

Hiyo ni saa moja iliyopita. Nilimwambia nanawa mikono kwanza. Nimenawa. Kisha nikakaa hapa kwenye kivuli cha lori na simu yangu, nikiandika, kwa sababu kuandika ni rahisi. Kule jukwaani wanapima spika kwa ajili ya onyesho la mwisho. Nauona mlango wa hema kutoka hapa. Ameufungua mwenyewe, amekaa katikati na miwani yake myeusi, vumbi linamwingilia na hajali, anatazama huku na huku akinitafuta kwa macho ambayo sasa yanaona.

Ameniona.