Nimemfungia Baba Mkwe Taa Isiyo na King'ora

Mpendwa mshauri, shikamoo, na kabla hujanicheka naomba unisome mpaka mwisho, maana jambo lenyewe ukilisikia juu juu linachekesha lakini mimi mwenzako chakula hakipiti. Mimi ni karani wa stoo, nina miaka miwili ndani ya ndoa, na baba mkwe wangu, mwalimu mkuu mstaafu, alinunua king'ora cha gari, kizima, na kisanduku chake na honi yake na taa yake ndogo nyekundu, akauliza mezani mbele ya watu wote ni nani anamjua fundi, na mimi, sijui ni shetani gani alinisukuma, nikasema, "Fundi wa nini, baba? Hiyo kazi ya nusu saa," na mke wangu akanitazama kwa fahari ambayo sijaiona tangu siku ya harusi, basi ningerudije nyuma?

Nilipofungua kile kisanduku nilikuta nyaya kumi na nne, kila moja na rangi yake, na karatasi ya maelekezo yenye michoro kama njia za siafu, nikasema moyoni nianze na kilicho rahisi, yaani taa, mengine yatafuata, ila ile taa iliyokuja na kisanduku ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, nikaona ni mwizi gani ataogopa kitu kile, nikatafuta taa ya indiketa ya pikipiki na kidude chake cha kuifanya ikonyeze, nikaipaka rangi nyekundu, nikatoboa dashibodi katikati kabisa, keekee ikateleza ikachora mstari mpaka karibu na redio, nikaziba kwa gundi, nikaunga waya moja kwa moja kwenye betri, taa ikawaka, ikazimika, ikawaka, na baba mkwe akapiga makofi.

Yale mengine hayakufuata. Kisanduku na honi viko kwangu chini ya kitanda, mke wangu alivikuta akifagia, akauliza, nikamwambia ni vipuri vya redio. Hata hapo yangekwisha, lakini shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ambaye ana mdomo, alikuja akalipiga gari kofi, akalitikisa, kimya, akasema, "Shem, mbona halilii? Au umetufungia bubu?" watu wakacheka, nami nikajibu, "Limekutambua, shem. Hiki ni cha kisasa, hakiwalilii ndugu." Nilikuwa natania, mshauri, haki ya Mungu nilikuwa natania, lakini baba mkwe hakucheka, alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa somo, na tangu siku hiyo anawaeleza majirani kwamba gari lake linamjua mtu na nia yake, na milango hafungi tena, anasema, "Kufunga milango ni kwa wale wasio na mkwe kama wangu."

Sasa Jumamosi ya wiki ijayo yeye na mama mkwe wanasafiri kwa treni kwenda kwa dada yake mkubwa, siku kumi, na gari wataliacha kwenye kiwanja cha stesheni, wazi, na ndilo linalompeleka mama mkwe kliniki, maana mguu wake haufiki hata dukani, na siku ya kliniki ni kesho yake baada ya kurudi. Je, nimwambie, na heshima ya mkwe nitaiweka wapi, au nikae kimya nimwombee, maana wako watu wengi magari yao hayana king'ora na hayaibwi?

Mkwe Mashakani

*

Mkwe, marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, kisha nikacheka. Nimemwomba mhariri aitangulize barua yako mbele ya nyingine, kwa kuwa Jumamosi haitakusubiri.

Nianze na lile usilolijua. Wewe unamwogopa mwizi wa stesheni, lakini mwizi wa kwanza wa gari hilo ni taa yako. Balbu ya indiketa hula umeme kama mgeni asiyeaga, nawe umeiunga moja kwa moja kwenye betri, kwa hiyo inakula mchana na usiku. Mzee akitembea na gari kila siku, injini inarudisha kilicholiwa na hakuna anayeona. Gari likisimama siku tano, betri imekwisha. Siku ya kumi wazee watashuka na mizigo yao na mguu ule, wataingia kwenye gari ambalo kweli haliibiki, kwa sababu haliwaki. Na kama hukuweka fyuzi kwenye waya huo, na sina shaka hukuweka, siku waya ukisuguka kwenye chuma utashika moto. Uondoe leo.

Sasa ile punje ya mtama uliyoidharau. Hiyo ni taa ya LED, na betri nzima inaweza kuilisha kwa wiki nyingi isihisi kitu. Ukubwa wa taa haumtishi mwizi. Mwizi anaijua kazi yake kuliko wewe unavyoijua hii ya kwako. Akiona taa ya pikipiki imegandishwa kwa gundi katikati ya dashibodi, anajua papo hapo kwamba gari halina king'ora, kwani hakuna fundi wa ving'ora ambaye angeacha kitu kama hicho kikiwa na alama za vidole vyake.

Taa ya onyo hukaa pembeni, karibu na kioo cha mbele upande wa dereva, anayechungulia dirishani aione na anayeendesha isimchome macho. Kabla ya kutoboa, tazama kama dashibodi ina kifuniko mahali pa swichi isiyotumika. Magari mengi yanacho. Kifuniko hicho hung'olewa kikatobolewa mezani, na ukikosea umeharibu kipande cha plastiki, si gari la watu. Unabandika utepe wa karatasi juu yake ili keekee isiteleze, unaanza na tundu dogo, unalipanua taratibu mpaka taa iingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Gundi ya nini? Nyaya zinapita nyuma, zinafungwa pamoja na zile za gari zisije zikagongagonga. Kazi safi ya namna hii ni ile ambayo ukimaliza, mtu anakuuliza utaanza lini.

Unasema ulikuwa unatania. Hapana. Ulipoona mzee hacheki ukanyamaza, na hapo utani ukaisha. Mtu aliyefundisha watoto wa watu maisha yake yote sasa anasimama kwenye uzio anawasimulia majirani habari za gari linalotambua ukoo, na wewe ndiye uliyemtuma. Unauliza heshima utaiweka wapi. Hiyo unayoilinda ni ya kwako. Ya kwake ulishaigawa mtaani.

Na kuhusu kumwombea, omba, lakini milango ikiwa imefungwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza mwambie mkeo ni nini kile kilichoko chini ya kitanda. Anaringa kwa jambo ambalo halipo, na ni aibu alisikie kwa mtu mwingine. Pili, tafuta fundi umeme wa magari, mtu anayekula kwa kazi hiyo, mpange siku kabla ya safari. Kisha nenda kwa baba mkwe na kisanduku mkononi, shemeji yako asiwepo. Usianze na hadithi ndefu. Mwambie, "Baba, nyaya zilinishinda nikaona haya kusema. Taa hii haina kitu nyuma yake. Fundi anakuja Alhamisi. Mpaka hapo, nakuomba ufunge milango." Halafu nyamaza. Atakasirika, na ana haki. Akikuuliza ulikuwa na maana gani uliposema gari linatambua ndugu, jibu ni "Nilidanganya." Neno kutania lisikutoke.

Fundi akifika, usimwelekeze. Mshikie tochi. Na akiinua kichwa kutoka chini ya dashibodi akauliza ni nani aliyetoboa tundu la namna hii, usingoje baba mkwe amjibu.