Nyimbo za Mutua zimefutwa

Jumanne, Woodley

Sijui nilikuwa na haraka ya nini. Laptop mpya niliichagua vizuri, fundi wa Moi Avenue akaniwekea programu ya kuiendesha, Linux, nami nikamwachia ile ya marehemu mume wangu, Mutua, aiuze.

"Umetoa kila kitu, mum?" fundi aliniuliza.

"Nimetoa."

Leo jioni nimejaribu kufungua nyimbo ambazo Mutua alijirekodi akiimba. Zimekataa. Kumbe nilinakili zile alama za kubonyeza kuzifungua tu, nyimbo zenyewe zikabaki kwenye laptop yake. Nimempigia fundi.

"Pole, mum. Tuliifuta jana."

Nimemwambia binti yetu, Mwende. Hakunilaumu. Ameomba tu nimwimbie ule wa Krismasi, jinsi baba alivyouimba. Nimeanza. Ubeti wa pili siukumbuki, na hakuna wa kumuuliza.