Mtoto wa Faru Hutembea Mbele

Dada Atu,

Ugonile, umelala salama huko uliko? Mimi mdogo wako Sekela, nipo hapa sokoni Uyole na viazi vyangu, ila leo kigoda hakikaliki. Nainuka, nakaa, nainuka. Mama Joni wa nyanya kaniuliza, "We Sekela, una siafu?"

Sina siafu. Nina Tusa wako.

Tulivyokuzika, ukoo ukasema Tusa sasa mwanangu. Sawa. Sasa kapata kazi kulekule kaskazini ulikokuwa unawapikia walinzi wa faru. Basi la kumpeleka linaondoka kesho asubuhi. Anangoja mimi niseme nenda. Na mdomo wangu wote huu, dada, hilo neno halitoki. Si ndiko ulikoanzia kuumwa?

Unakumbuka ulivyokuja likizo ukatusimulia faru mweupe? Mama Joni akadakia, "Mweupe kama sembe?" Ukamwambia, "Wa kijivu, kama magoti yako." Tulicheka sisi! Ukasema domo lake pana, bapa, kutwa kichwa chini anafyeka majani. Macho hayaoni mbali, ila masikio yanazunguka, hili huku, hili kule. Jua likikolea anagaagaa kwenye tope. Na choo ana pahali pake, anarudi palepale. Mama Joni akasema, "Kamzidi mume wangu."

Halafu tukienda kanisani, Tusa anatangulia mbele yako. Watu wakanong'ona, na mimi nimo: mtoto gani anaongoza wakubwa njiani? Huku kwetu mtoto anafuata nyuma. Ukasema, "Faru mweupe, mtoto ndiye anatembea mbele. Mama yuko nyuma, anamwona."

Tangu ufe namtembeza nyuma yangu. Kila saa nageuza shingo, yupo? Sasa hivi nimeiacha barua, tumeenda kununua sabuni ya safari, nimegeuka mpaka nikajikwaa. Nikasimama katikati ya njia.

"Pita mbele."

"Mama mdogo?"

"Pita, nasema!"

Akapita. Jamani, anatembea kama wewe, bega moja juu. Sikugeuka tena. Nikamwambia mgongo wake, "Kesho nenda."

Stendi nampeleka mwenyewe, begi nabeba mimi, nyuma. Kila Jumapili nampigia simu mpaka anichoke. Akiumwa, hata mafua, napanda basi namfuata, viazi vioze. Hiyo nimekuahidi.

Lala, dada. Nyuma yake nipo.

Sekela wako