Sihami Ulemo kwa Sababu ya Tumbo

Mama Elia,

Mimi mumeo nina miaka themanini na moja. Nimewazika kaka zangu wote wanne. Redio tatu zimekufa mikononi mwangu na mimi masikio ninayo. Nimekuzika na wewe, uliyekuwa unaapa kwamba utanizika mimi. Na mwezi uliopita nimelishinda tumbo langu mwenyewe, ndiyo maana nimeomba daftari nikuandikie, maana habari za choo simwelezi mtu mwingine. Wewe ulinisikiaga.

Tangu uondoke, Elia kamleta mkewe Neema anitunze. Yeye kabaki Singida mjini na mashine yake ya alizeti. Mkwe ana adabu mpaka inachosha. Akinisalimia anapiga goti, akiniwekea chakula hanitazami. Na chakula chenyewe ni cha mgeni: ugali mweupe wa sembe, kuku, nyama, chai na maandazi. Mlenda, ile mboga yetu ya kuteleza, sikuuona hata siku moja. Angeanzaje kumwekea baba mkwe mlenda, si kisimani wangesema ananidharau? Na mimi nilifurahi, sikufichi. Miaka yote uling'ang'ana na ugali wa mtama na majani, nikakuambia umenigeuza mbuzi. Nikasema sasa nakula kama mwenyekiti.

Halafu ile njia ya chooni. Unajua inapita mlangoni mwa jiko. Mkwe amekaa pale anachambua mchele, mimi nipite na kopo la maji mkononi anione, na kurudi anione tena? Nikawa najizuia. Tena nikapunguza kunywa maji nisiwe mtu wa kwenda-kwenda. Nusu kikombe kutwa. Nilijiona mjanja sana.

Siku ya tatu, hakuna kitu. Siku ya tano tumbo gumu kama ngoma iliyoanikwa juani. Nesi wa zahanati akaja kunipima presha, akaniuliza waziwazi, "Babu, choo unapata?" Na mkwe kasimama nyuma yake! Nikajibu, "Kama kijana." Aibu iliyoje kudanganya katoto kale.

Chakula kikanishinda. Mkwe akampigia Elia simu, analia, eti baba anakufa kwa majonzi ya mama. Elia akasema Jumamosi anakuja na gari, nihamie mjini moja kwa moja, na nyumba ifungwe. Mama Elia, nyumba ifungwe! Na kaburi lako pale nyuma ya zizi lipaliliwe na nani? Majonzi ninayo, ni yangu, sikumpa mtu ayabebe. Lakini mimi, niliyejenga nyumba hii kwa mikono yangu, nihamishwe hapa kijijini Ulemo na choo changu mwenyewe? Nikasema hapana. Nikalisemea ukutani, lakini nilisema.

Alhamisi nikaenda zahanati kwa miguu yangu. Nikamweleza nesi ukweli, macho nimeyaweka dirishani. Hakucheka. Akanibonyeza tumbo, akasema, maji babu, ya kutosha, na asubuhi unywe ya uvuguvugu kabla ya chochote. Mboga za majani, papai, ugali wa dona au wa mtama. Tembea. Na choo kikikuita nenda, usikiambie kisubiri. Ila tumbo likivimba ukaanza kutapika, au ukiona damu, usijitibu nyumbani, rudi hapa mbio. Maneno yako yaleyale! Yeye kayasomea, wewe ulinipigia nayo kelele miaka hamsini.

Nikarudi nikaingia jikoni kwako. Mimi. Nikashika sufuria, nikatafuta kile kibuyu chako cha mlenda wa kukausha. Mkwe akanikuta, akapiga yowe. "Baba! Nimekukosea nini? Watu watasema sikupikii!" Machozi yakamtoka. Nimeshika mwiko, moshi machoni, nikaona nikinyamaza nitamharibia jina mtoto wa watu, na Jumamosi inakuja. Basi nikatamka.

"Mkwe, hujakosa kitu. Siku sita sijaenda choo. Nataka mlenda."

Akajifunika khanga usoni. Mabega yakatikisika. Nikadhani ndiyo nimemuua mtoto, kumbe anacheka. "Baba, na baba yangu kule Kinyangiri yuko hivyohivyo. Hebu toka jikoni, unaunguza sufuria."

Alinipikia mlenda wa karanga na ugali wa mtama. Wako ulivutika zaidi, tulia. Papai nikala, maji nikanywa kama ng'ombe aliyetoka machungani, shamba nikalizunguka lote asubuhi na jioni. Jumamosi, jua limechomoza tu, kikaniita. Nikapita mlangoni mwa jiko na kopo langu nimelishika juu, wanaotaka kuona waone. Sikuharakisha. Nilitoka huko mwepesi, ningeweza kucheza ngoma.

Elia alinikuta kaburini kwako na jembe. "Shikamoo baba, panda gari." Nikamwambia marahaba, pakia mapapai ukale mjini, maana hiyo rangi yako siipendi. Akamgeukia mkewe. Neema, yule asiyenitazama, akasema, "Baba hahami. Mwache." Gari likaondoka na mapapai.

Sasa kila asubuhi nakunywa maji yangu ya uvuguvugu, naenda shambani. Neema bado anapiga goti. Ila kigoda chake kakihamishia upande wa pili wa jiko, kule njia haionekani. Hatujalizungumza.

Pumzika, mke wangu. Nakuahidi mlenda nitakula, na kaburi lako halitaota nyasi mimi nikiwa na mikono. Lakini usijisifu huko kwamba umenishinda, nimeamua mwenyewe. Siku nikija nitatokea hapahapa, si mjini.

Na kama unasema natia chumvi, nesi anajua nilivyokuwa. Elia anajua nusu, inamtosha. Shahidi kamili ni Neema mkweo, aliyenisikia nikitamka.