Maji ya Mtende Wako

Nyumbani, upande wa mashamba ya mitende,
Atar.
Jumapili, 16 Julai.

Mpendwa mdogo wangu Yeslem,

Salaam nyingi zikufikie huko Las Palmas. Hujambo? Mwili haujambo, kazi haijambo, usingizi unakuja? Ule mguu ulioteguka umepona, au bado unauburuta kama mzee? Na Khattri, mwenzako wa chumbani, ameacha kukoroma? Sisi hapa tunamshukuru Mungu kwa kila hali. Mama yu hai.

Najua hapo umeshtuka, kwa kuwa hakuna aliyekuambia kwamba amekufa. Shtuka tu. Wiki hii nusura tumzike. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu siwezi kusema. Simu ikilia anaidaka yeye, anaweka sauti kubwa mtaa mzima usikie mwanawe yuko Ulaya, na mimi nabaki kusema, "Ndiyo, joto kidogo." Barua hawezi kuisoma.

Joto kidogo! Upepo wa moto ulianza Jumamosi ya wiki iliyopita na haukupumzika mchana wala usiku. Mlango wa bati ukiugusa unakuachia alama mkononi. Maji ya pipani ungetia majani ya chai bila kuwasha mkaa. Tumelala uani tumejifunika melhfa, shuka zetu za kujitanda, zilizoloweshwa, ukigeuka upande wa pili nguo imeshakauka. Jirani yetu Ely amezika mbuzi, na kuku sisemi. Wageni wa getna, msimu wa tende, waliopanda kutoka Nuakshoti kuja kula tende walikaa siku moja, wakapakia magodoro yao wakarudi pwani. Sikuwalaumu. Ningekuwa na gari ningewatangulia.

Kisha pampu ya kisima cha shamba ikaungua. Fundi alikuja, akaifungua, akaifunga, akanywa chai mizunguko yote mitatu, ndipo akasema kipuri kiko Nuakshoti. Lori la maji limepita mara moja tu, kila nyumba pipa moja, kunywa humo, kupika humo, kutawadha humo. Mitende tukaiachia Mungu. Tende zikaanza kudondoka zikiwa bado kijani, asubuhi unazikanyaga kama kokoto.

Zote isipokuwa za mtende wako. Sijui kwa nini. Labda mizizi yake ilifika mbali. Siku uliyozaliwa babu aliuchimbia shimo kwa mikono yake. Mimi nilipozaliwa nilichinjiwa mbuzi, akaliwa, habari yangu ikaishia hapo. Basi mtende wako peke yake ulibaki na vichala, na kimoja kilikuwa kimeanza kuiva.

Na wewe, ndugu yangu! Ijumaa ile, siku moja tu kabla ya upepo, ukapiga simu. "Mama, mwaka huu naja getna, Mungu akipenda. Niwekee tende za mtende wangu, asiguse mtu." Kila mwaka unasema naja, kisha makaratasi hayajatoka. Mimi nimezoea. Mama hajazoea. Alikata simu akatangaza mpaka kwa muuza nyama.

Siku ya tatu ya upepo nikaona midomo yake imepasuka. Nampa maji, anapokea, anapiga funda moja mbele yangu, anasema nimeshiba. Mimi mjinga nikaamini. Kumbe maji yanaingia kwenye kopo chini ya melhfa, na alfajiri kabla sijaamka anajikongoja hadi shambani kuyamwaga kwenye shina la mtende wako. Maji yake yote ya siku nzima, Yeslem. Joto lile!

Nilipomkamata nikapiga kelele. "Mama, unataka kufa?"

"Punguza sauti. Mtu amesema anakuja, atakula nini?"

"Atakula wali! Atakula nyama!"

"Wali hata huko anakula."

Nikamwambia basi nitaunywesha mimi, wewe kunywa yako. Akanicheka. "Wewe? Utamwaga nusu, nusu utafulia. Tangu lini ulimwonea huruma mdogo wako?" Hilo lilinichoma, maana nani anampikia, nani anamkanda miguu? Nikaficha kopo, akachukua birika. Nikafunga mlango, akawaita majirani kwa jina, mmoja mmoja, kwamba binti yake aliyeachwa na mume amemfungia kama punda. Nikafungua.

Alhamisi Ely akaja mbio, kilemba mkononi. "Tekber, njoo! Mama yako ameanguka shambani!" Tulimkuta ameegemea shina lako, birika limelala pembeni, ngozi imekauka kama ya kiriba kilichotundikwa juani. Tukampakia kwenye mkokoteni wa punda wa Ely. Zahanati imejaa wazee na watoto, wamelala hadi ukumbini. Muuguzi alimtundikia dripu kwenye msumari wa dirisha.

"Bibi, figo zako zinakauka. Lazima unywe."

"Nimeshakunywa."

"Umekunywa lini?"

"Kabla hujazaliwa."

Watu wakacheka, na yeye akafurahi kwamba wamecheka. Muuguzi hakucheka. Alinivuta kando akaniambia akianguka hivi tena nisijisumbue kumleta, nitafute sanda. Tukarudi nyumbani. Mama akalala, na alipofumbua macho swali la kwanza lilikuwa, "Mtende umekunywa?"

Ijumaa asubuhi nikamkuta uani ametambaa kwa mikono na magoti, birika mbele yake, analisukuma.

Sasa soma vizuri, kwa sababu hili sijamwambia mtu.

Saa ya sala ya Ijumaa, wanaume wote wako msikitini, nilichukua shoka na kamba ya babu ya kukwea. Wewe mwenyewe ulinifundisha kukwea tulipokuwa wadogo, mama akiwa amelala, ukasema nikianguka utadai hunijui. Nilipanda mtende wako. Upepo ulinipiga mchanga machoni, shina lilinichuna mapaja. Nikashusha vichala kwanza, kisha nikakata makuti, kisha nikakata moyo wake, na mtende ukikatwa moyo hufa. Nilikuwa nalia na kukutukana wewe, si mtende. Nilijiambia huu umeshakufa, namalizia tu, ndani nitakuta kumekauka.

Ulikuwa mzima, Yeslem. Moyo ulikuwa mweupe, umejaa maji, yakanitiririka mpaka kwenye viwiko. Nililamba mkono wangu. Mungu anisamehe, nilikuwa na kiu na ulikuwa mtamu.

Niliufunga kwenye melhfa nikauleta nyumbani, nikauweka kwenye mkeka mbele yake. Aliushika, akaupapasa kila upande kama anavyompapasa mtoto mchanga. Nilingoja anipige. Nilitamani anipige.

"Ulikuwa mzima," akasema.

Kisha akasema, "Nipe maji."

Nikamletea bakuli akanywa lote. Nikajaza tena, akanywa tena. Tangu hapo nikimpa maji anakunywa, nikimpa zrig ya maziwa anakunywa, nikimwambia geuka anageuka. Hanigombezi. Hatanii. Ely alipokuja kumjulia hali akamuuliza, "Mwanao anakuja lini?" mama akatazama ukuta. Tangu Ijumaa hajalitaja jina lako hata mara moja, yeye aliyekuwa akilitia mpaka kwenye chumvi. Nilitaka anywe, basi anakunywa. Hilo ndilo nililopata.

Na jana alasiri upepo ukakatika. Hivihivi tu. Watu wakatoka nje wakatazamana, watoto wakaanza kucheza. Leo wanasema kipuri cha pampu kiko njiani. Siku moja, Yeslem! Kama ningejua ni siku moja ningemfunga kamba kitandani, ningemshikilia pua nikamnywesha. Sikujua. Hakuna aliyejua. Tulidhani hautakatika kamwe. Usiku nalala naamka na jambo hilohilo, na sina wa kumwambia ila wewe uliye mbali.

Sikuombi msamaha leo, nimechoka. Chuki yako nitaipokea ukifika. Wala sikuambii uje, maana neno hilo limeshatugharimu. Kama makaratasi hayajatoka, mwambie mama hayajatoka, kwa maneno hayohayo.

Ila nina ombi moja. Aliyekuletea barua hii, Deddahi mwana wa Ely, ana pia kifurushi kidogo cha kitambaa cha buluu. Ni tende za kile kichala kilichoanza kuiva, ndizo pekee zilizofaa kubebwa. Asiguse mtu, kama ulivyosema. Mimi nilionja moja tu. Hazijaiva, zina ukakasi, zinakausha ulimi. Uzile zote, kisha piga simu, nami nitaweka sauti kubwa. Mwambie mama zilikuwa tamu.

Msalimie Khattri, na mama Mneitu wa dukani anayekukopesha mkate. Ely anakusalimu, na shangazi Tutu anauliza kama umenenepa. Mungu akulinde na bahari na baridi ya huko, akutoe salama, atukutanishe mama akiwa bado anatufahamu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa na shoka mkononi,

Tekber